Presha Ikipanda Sana: Nani wa Vidonge, Nani wa Sindano ya Mshipa?



Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Mumias katika Kaunti ya Kakamega, ametuletea barua ambayo kwa ruhusa yake tunaifupisha hapa. Katika muda wa mwezi mmoja nyumba yao ilipeleka wagonjwa wawili hospitalini kwa maradhi ya presha. Wa kwanza alikuwa mama mkwe wake, aliyepindukia miaka sitini, ambaye zahanati walimkuta na 208 kwa 116. Hakuwa na maumivu yoyote. Alikwenda kumsindikiza mjukuu, naye akapimwa. Hospitalini alipimwa tena mara tatu, akamulikwa ndani ya macho, akatolewa damu na mkojo, akapimwa moyo kwa mashine ya nyaya, halafu akapewa vidonge, akakalishwa saa chache, akarejeshwa nyumbani na kuambiwa arudi siku ya tatu. Wa pili alikuwa wifi yake, mja mzito wa miezi minane, aliyelalamika kuumwa na kichwa na kuona vimulimuli. Presha yake ilikuwa 168 kwa 112. Huyu hakungojeshwa. Alilazwa, akatiwa sindano ya mshipa, akatundikiwa dripu, akachomwa sindano mbili za makalioni, na kabla ya adhana ya alfajiri mtoto alikwisha kutolewa kwa upasuaji. Wote watatu, alhamdulillahi, wako hai.

"Mwenye nambari kubwa amerudishwa, mwenye nambari ndogo ametundikiwa dawa," anaandika dada yetu. Shemeji zake wameshika kwamba mama yao alidharauliwa kwa uzee wake, na sasa wanachanga fedha wampeleke mahali pa kulipia ili naye atundikwe, "ishuke leo leo." Anatuuliza sisi tunaonaje.

Tunaona fedha hizo zinunue vidonge vya miezi kadhaa na mashine nzuri ya kupimia. Mama huyo hakudharauliwa. Kwa yote tuliyoelezwa katika barua, alitendewa inavyopasa, na kushushwa kwa pupa kunaweza kumletea kiharusi kile kile ambacho wanawe wanakiogopa. Hili tunataka kulieleza kwa kirefu, kwa kuwa tunajua nyumba nyingi, huko bara na huku kwetu pwani, zinafikiri kama wafikirivyo shemeji hao.

Presha husomwa kwa nambari mbili: ya juu ni nguvu ya damu moyo unapoibana, na ya chini ni nguvu inayobaki moyo unapopumzika. Kwa mtu mzima asiye na mimba, matabibu huhesabu kuwa amefika pabaya nambari ya juu inapovuka 180 au ya chini inapovuka 120. Lakini hapo ndipo swali linapoanza. Tabibu mwenye ujuzi, akishaiona nambari hiyo, hujiuliza: je, kuna kiungo kinachoumia saa hii? Anauangalia ubongo kwa kumsikiliza mgonjwa anavyosema na kumtazama anavyotembea, anayaangalia macho, kwa kuwa nyuma ya jicho mishipa midogo ya damu huonekana bila kupasua, anaupima moyo, anayasikiliza mapafu kama yamejaa maji, anayapima mafigo kwa mkojo na damu. Akikuta kiungo kimoja kinaumia, hiyo ni dharura, na dawa itapita mshipani. Akikuta vyote vimesalimika, presha hiyo ni kali, wala haifai kuachwa, lakini tiba yake ni vidonge na subira ya siku kadhaa. Ndiyo maana mama mkwe alimulikwa macho na kutolewa damu. Vipimo hivyo ndivyo vilivyoamua.

Kwa nini basi isiwe salama kumshusha yeyote upesi, tukawa tumemaliza kazi? Anayeijua Mombasa ya Mji wa Kale ataelewa mara moja. Katika nyumba ya ghorofa tatu, maji ya bomba yakipungua nguvu, wa chini huendelea kuteka, ila wa ghorofa ya juu hufungua mfereji na kusikia upepo tu. Ubongo ndio ghorofa ya juu. Mtu aliyeishi na presha kubwa kwa miaka, mishipa ya ubongo wake imejikaza na kuwa minene ili kuhimili nguvu hiyo, imeizoea. Ukiiondoa nguvu kwa ghafla, mishipa hiyo haiwahi kulegea, na damu haifiki. Mgonjwa anaweza kupooza upande, kupoteza nuru ya macho, au moyo wenyewe ukakosa damu, ilhali nambari kwenye mashine inapendeza kabisa na jamaa wanashukuru.

Kwa hiyo hata kwa aliye katika dharura ya kweli, kanuni ya mahospitali ni kushusha kwa hatua. Katika saa ya kwanza isizidi robo ya presha aliyokuja nayo: aliyefika na 220 hashushwi chini ya 165 au hivi. Baada yake, kama ametulia, huletwa karibu na 160 kwa 100 katika saa mbili hadi sita zinazofuata, na kurudi kwenye presha ya kawaida huachiwa siku moja au mbili. Kuna walio nje ya kanuni hii. Aliyechanika mshipa mkuu utokao moyoni, ambaye aghalabu husikia maumivu kama ya kisu yakipita kifuani hadi mgongoni, hushushwa haraka sana, nambari ya juu ifike chini ya 120. Na aliyepatwa na kiharusi cha damu kuganda, kinyume chake, anaweza kuachwa na presha yake hadi 220 kwa 120 bila kuguswa, kwa kuwa nguvu hiyo ndiyo inayosukuma damu ifike kwenye sehemu ya ubongo iliyobaki hai. Tunalitaja hili kwa makusudi. Jamaa wengi wamewagombeza wauguzi kwa kuona mgonjwa wa kiharusi analala na 200 na hakuna anayemtilia dawa. Yamkini muuguzi huyo alikuwa anamtunza.

Sasa tuje kwenye dawa zenyewe. Kidonge hupita tumboni; huchukua muda kuanza kazi, na kikishamezwa hakuna awezaye kukirudisha nyuma. Mgonjwa aliyezimia au anayetapika hawezi kukimeza. Dawa ya mshipa huanza kazi ndani ya dakika, na inayopita kwa dripu huongezwa tone kwa tone, hupunguzwa, au hufungwa kabisa presha inapoanguka. Uwezo huo wa kuifunga ndio thamani yake, na ndio pia unaoitaka iwe na mlinzi: mtu anayepima presha kila baada ya dakika chache na kuandika. Dawa ya namna hii kutundikwa mahali ambapo muuguzi mmoja ana wagonjwa arubaini, na kipimo kinachukuliwa asubuhi na jioni, ni hatari kuliko kutotundikwa.

Zilizo maarufu katika hospitali zetu za Afrika Mashariki ni mbili. Haidralazini hulegeza mishipa midogo. Huingizwa taratibu kwa dakika kadhaa, na kwa kuwa huchukua dakika kumi hadi ishirini kuonyesha kazi yake, mwenye pupa anaweza kuongeza kipimo kabla cha kwanza hakijafika, kisha vyote viwili vikashuka pamoja. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa za lazima kwa kazi moja tu: presha kali ya ghafla ya mja mzito. Ya pili ni labetaloli, inayotuliza mapigo ya moyo na kulegeza mishipa kwa pamoja. Haipewi mwenye pumu, kwa hiyo mwenye pumu na aseme mapema, na kama hawezi kusema, jamaa yake aseme. Katika hospitali kubwa zenye vyumba vya wagonjwa mahututi hutumika pia nikadipini, na nitroprusaidi, ambayo ni ya zamani na ina nguvu ajabu: hufanya kazi ndani ya sekunde, huharibiwa na mwanga hata chupa yake hufunikwa kwa karatasi ya rangi ya fedha, na ikitumiwa kwa wingi au kwa siku nyingi hujenga sumu mwilini. Nchi tajiri zina na mpya zaidi, klevidipini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008, nyeupe kama maziwa kwa sababu imeyeyushwa katika mafuta ya soya na kiini cha yai. Huisha nguvu kwa muda wa dakika tu inapofungwa. Hatuitaji ili tuitamani. Wanaookolewa katika kaunti zetu wanaokolewa kwa zile mbili za mwanzo, na zimetosha.

Anayedhani kwamba mali na cheo vingeweza kuziba pengo la dawa hizi na amkumbuke Franklin Roosevelt, rais wa Marekani katika vita vikuu vya pili. Alikuwa na daktari wa moyo karibu naye siku zote. Tarehe 12 Aprili 1945 alilalamika kuumwa na kichwa vibaya sana, presha yake ikapimwa 300 kwa 190, na mchana huo huo alifariki kwa damu kuvuja ubongoni. Matabibu wake hawakuwa na dawa hizi tulizozitaja za kuishusha. Leo zahanati nyingi za Kenya zina angalau dawa ya kuanzia.

Iko desturi moja tunayotaka ikome katika nyumba zetu. Mtu akipimwa akakutwa na presha kubwa, jirani huja na kidonge cha nifedipini, kikatobolewa au kusagwa, kikawekwa chini ya ulimi "kishuke haraka." Zamani hata mahospitalini walifanya hivyo. Mwaka 1996 madaktari waliandika katika jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani wakitaka desturi hiyo isimamishwe, baada ya wagonjwa kupatwa na kiharusi na mshtuko wa moyo kwa presha kuanguka bila mpaka. Tusichanganye hapa: nifedipini ya kumeza ni dawa njema, na mja mzito mwenye presha kali huweza kupewa hospitalini aimeze, akiangaliwa. Ubaya uko katika kuiweka chini ya ulimi, nyumbani, bila wa kumwangalia. Vivyo hivyo maji ya ndimu na vitunguu thaumu: ni chakula chema, wala hakuna anayewakataza, lakini si tiba ya saa hiyo, na saa hiyo ndiyo inayopotea.

Turudi kwa yule wifi, maana habari yake ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wanawake.

Mama mkwe alikuwa na 208 lakini mishipa yake imezoea presha kubwa kwa miaka mingi. Barua inatuambia kwamba alikuwa akimeza vidonge na akaviacha tangu Rajab kwa kujihisi mzima. (Kuacha vidonge kwa kujihisi mzima ni miongoni mwa njia kuu zinazowafikisha watu kwenye dharura hizi. Kujihisi mzima ndiyo kazi ya vidonge.) Wifi ni msichana ambaye kabla ya mimba yamkini presha yake ilikuwa 100 kwa 60. Kwake yeye, 168 ni mruko mkubwa ambao ubongo wake haukupata kuujua. Ndiyo sababu kwa mja mzito vipimo vimeshushwa: 140 kwa 90 tayari ni presha ya kufuatiliwa, na ikifika nambari ya juu 160 au ya chini 110, ikapimwa tena baada ya robo saa ikabaki hapo, ni dharura hata kama hajasikia lolote. Hutakiwa apate dawa ndani ya nusu saa hadi saa moja. Naye pia hashushwi mno. Huletwa karibu na 140 au 150 na kuachwa hapo, kwa sababu mtoto aliye tumboni analishwa kwa presha hiyo hiyo kupitia kondo la nyuma.

Na maradhi yake si presha peke yake. Chanzo chake hutokana na kondo la nyuma, na huharibu mafigo hata mkojo ukatoka na protini, huumiza ini, hupunguza chembe za kugandisha damu, na hufikia ubongo. Ikifika huko ndiyo kifafa cha mimba. Zile sindano za makalioni ambazo dada yetu aliziona na kuzistaajabia hazikuwa za presha. Ni salfeti ya magnesi, dawa ya chumvichumvi, rahisi, ya miaka mingi, ambayo huuzuia ubongo usiingie katika mtukutiko. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa ulioitwa Magpie, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika mataifa 33, na ukaonyesha kwamba dawa hiyo hupunguza kwa nusu uwezekano wa mja mzito mwenye maradhi haya kupatwa na kifafa. Anayechomwa husikia joto likimpanda mwilini, asiogope. Wauguzi watamgonga goti, watahesabu pumzi zake na kupima mkojo wake, kwa kuwa ikizidi hulegeza pumzi, na wanayo dawa ya kuipinga. Kwa hiyo mja mzito huyo alihitaji mambo matatu: ya kushusha presha, ya kuzuia kifafa, na hatimaye kuzaa, maana kuzaa ndiko kunakoondoa chanzo.

Tena kuzaa hakumalizi siku hiyo hiyo. Presha ya mzazi aghalabu hupanda siku ya tatu hadi ya sita baada ya kujifungua, wakati ambao amekwisha kurudi nyumbani na kuingia katika arubaini yake. Hapa desturi yetu njema inaweza kuwa pazia. Mzazi amefungiwa chumbani, anakandwa kwa maji ya moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, na akisema kichwa kinauma huambiwa ni usingizi, ni maziwa yanaingia, ni upepo. Hatusemi arubaini iachwe. Mapumziko hayo ni rehema. Tunasema mkandaji amwulize kila asubuhi maswali machache: kichwa kimelalaje, macho yanaona sawa, kuna maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso au mikono imevimba kwa ghafla, pumzi zinapanda? Jibu la ndiyo kwa moja kati ya hayo latosha kumtoa chumbani usiku ule ule. Hatari hii hudumu wiki sita, karibu sawa na hiyo arubaini. Na dawa za presha wanazopewa wazazi huchaguliwa zile zinazofaa kwa anayenyonyesha, basi asiziache kwa kumwonea mtoto huruma.

Akianguka na kutukutika, wapo watakaosema ni pepo, au kijicho cha jirani. Kisomo kina mahali pake, na hatuwezi sisi kuwaambia Waislamu wasimsomee mgonjwa wao. Msomeeni njiani, ndani ya gari. Lakini kombe, hapana, si saa hiyo: aliyezimia haziwi kinywa wazi akamiminiwa kitu, hata kiwe kimeandikwa nini, kwa kuwa kitaingia mapafuni. Mlazeni ubavu wa kushoto, ondoeni vyenye ncha karibu naye, msimtie kijiko menoni, na mwondoke.

Kuhusu ruhusa ya mume. Tumesikia, na si mara moja, mja mzito amengojeshwa sebuleni kwa sababu mume yuko safarini na simu yake haipatikani. Mwanamke mtu mzima anaweza kuweka sahihi yake mwenyewe kwa matibabu yake, na katika dharura tabibu anaweza kumtibu hata asiyeweza kusema. Wala haifai kungojea daktari wa kike kama aliyepo ni wa kiume; wanazuoni wetu wamekwisha kulizungumza jambo la dharura kwa upana, na hakuna asiyelijua. Waume wanaosafiri watafanya wema wakisema kabla ya kuondoka, mbele ya mama zao: likitokea lolote, mpelekeni, msinisubiri. Sentensi moja hiyo humwondolea mama mkwe mzigo mkubwa. Na tukiwa hapo, wagonjwa wamepewa ruhusa ya kufungua katika Ramadhani na kulipa siku nyingine, kama ilivyo katika Sura ya al-Baqara, nao wenye mimba pia wameruhusiwa. Asiyeipokea ruhusa hiyo akaacha dawa zake za mchana amejitwika asichotwikwa.

Mumias si ugenini kwetu. Tangu karne ya 19 misafara ya pwani ilikuwa ikipumzika katika himaya ya Wanga, na Nabongo Mumia aliwakaribisha wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu, hata Uislamu ukatia mizizi pale na mpaka leo tunaoana. Ila masafa ni masafa. Kaunti ya Kakamega ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 1.8 katika sensa ya 2019, wengi wao wakikaa vijijini, na kutoka Mumias hadi hospitali kuu ya rufaa mjini Kakamega ni kilomita zipatazo thelathini. Anayetoka ndani ya Matungu au Navakholo usiku wa mvua, katika njia za mashamba ya miwa, huzihisi kama mia. Kaunti hiyo ilionyesha mfano katika jambo hili. Wakati wa Gavana Wycliffe Oparanya ulianzishwa mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ambao watu waliuita Oparanya Care, wa kuwapa akina mama wasiojiweza fedha kwa mafungu wanapohudhuria kliniki na kujifungulia hospitalini. Kliniki ndiko presha hugunduliwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu robo ya watu wazima wa Kenya wana presha iliyopanda, na zaidi ya nusu hawakuwa wamepata kupimwa hata mara moja.

Kwa masafa hayo, zahanati ya jirani isirukwe. Jamaa wengi humpitisha mgonjwa mbele ya mlango wa zahanati wakiharakia hospitali kubwa. Kwa mja mzito mwenye presha kali, zahanati yenye dawa inaweza kumchoma kipimo cha kwanza cha salfeti ya magnesi na kumpa dawa ya kuanzia ya presha, kisha akapelekwa mbele akiwa na kinga njiani. Ulizeni sasa, kabla ya haja, kama zahanati yenu inazo dawa hizo, na nani mwenye gari mtaani atakayeamka usiku. Bodaboda haifai kwa anayeweza kutukutika. Nambari ya dereva na iandikwe nyuma ya kitabu cha kliniki.

Kuhusu gharama, Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inasema wazi kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Wazee wajue hivyo wanaposimama mbele ya dirisha la malipo. Pamoja na hayo kila mtu wa nyumba na aandikishwe katika bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii mapema, kwa kuwa haki hiyo huwa nyepesi kudaiwa na mwenye karatasi zake mkononi.

Dada yetu ameuliza pia mashine gani wanunue. Ya mkono wa juu, si ya kiganja, na mkanda wake uwe saizi ya mkono wa mama. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huongeza nambari isiyokuwepo. Akae dakika tano akiwa ameegemea, miguu chini, bila kuzungumza, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Na mkanda usifungwe juu ya mkono wa buibui, wala mkono wa nguo usipandishwe ukabana begani kama kamba, kwani yote mawili huipotosha hesabu. Avae kanga nyepesi, au autoe mkono nje ya nguo akiwa chumbani. Apime mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, nambari ziandikwe katika daftari pamoja na jina la kila dawa na saa aliyoimeza. Akienda siku ya miadi, aende na daftari hilo. Na wifi, ambaye tunakadiria yuko katika wiki ya tatu ya arubaini yake, apimwe kwa mashine hiyo hiyo, na atakaposhika mimba nyingine aende kliniki mapema, kabla ya mwezi wa nne, akaseme yaliyompata, kwa kuwa ziko asprini za kipimo kidogo ambazo daktari huweza kumwanzishia wakati huo.